Nota Ipi Aliiandika Mtunzi? Barua za Wasomaji Kuhusu Uhariri wa Muziki

Barua zilizofika safari hii zimetoka kwa watu wasiojuana, tena katika miji iliyo mbalimbali, lakini zote zinauliza jambo moja: nota zilizo mkononi mwa mwimbaji zimetoka wapi, na ni nani aliyezigusa njiani kabla hazijamfikia. Nimezifupisha kidogo na kuyaacha majina ya waandishi kama walivyoomba. Ninapoandika “kipimo” nakusudia kile kisanduku cha mapigo kilicho kati ya mstari wa wima mmoja na unaofuata.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa kwaya katika parokia moja mkoani Iringa. Kwenye misa ya ndoa tuliimba Ave Maria ya Bach na Gounod. Mwimbaji alishika nota za Gounod, lakini mpiga kinanda wetu, kwa kuwa anaijua vizuri preludi ya Bach iliyo chini ya wimbo huo, alitumia kitabu chake cha Bach. Tulikubaliana arudie vipimo vinne vya mwanzo, na mambo yakaenda vizuri hadi baada ya katikati, ndipo kinanda kikatangulia kipimo kizima na mwimbaji akabaki nyuma. Baadaye tulihesabu, tukakuta nota za Gounod zina kipimo kimoja ambacho hakimo katika kitabu cha Bach. Ni nani aliyekosea?

Marahaba. Katika watu wako hakuna aliyekosea. Mmekutana ana kwa ana na kisa mashuhuri sana katika historia ya uhariri wa muziki, na nasikitika kwamba mmekutana nacho mbele ya maharusi.

Preludi hiyo, ya doh C, ndiyo ya kwanza katika mkusanyo wa preludi na fuga ambao Bach aliuandika kwa hati safi mwaka 1722. Muswada wa mkono wake upo hadi leo katika maktaba ya serikali mjini Berlin, na preludi ina vipimo 35. Mkusanyo huo haukuchapwa wakati wa uhai wake. Bach alifariki mwaka 1750, na chapa za kwanza zilitoka mwaka 1801, kwa hiyo kwa muda wa zaidi ya nusu karne muziki huu ulisafiri kwa kunakiliwa tu: mwanafunzi akinakili kwa mwalimu wake, mwenzake akinakili kwa mwanafunzi, na kila mkono ukiacha alama yake. Mmoja wa wanakili hao alikuwa Christian Friedrich Gottlieb Schwencke wa Hamburg, mwanamuziki hodari kabisa, na ni katika nakala yake ndimo kinamoonekana kipimo cha ziada, kati ya kipimo cha 22 na cha 23. Kikaingia katika chapa za karne ya 19, na kwa njia hiyo kikamfikia Charles Gounod, ambaye mwaka 1853 alitoa melodia yake juu ya preludi hiyo. Maneno ya Ave Maria yaliwekwa mwaka 1859.

Kwa nini Schwencke aliongeza? Mwombe mpiga kinanda wako apige sauti ya chini peke yake, polepole, kuanzia kipimo cha 22. Atasikia F shapu, kisha A flati, kisha G. Besi inairuka G bila kuikanyaga, inaangukia upande wa pili, ndipo inairudia katika kipimo cha 24 na kukaa juu yake kwa vipimo vinane mfululizo. Kwa sikio lililozoea ngazi za kupanda hatua kwa hatua, mruko huo unaonekana kama pengo, kana kwamba mnakili ameruka mstari. Schwencke akaliziba pengo: aliweka G katikati, besi ikawa F shapu, G, A flati, G, na njia ikawa laini. Lakini sikilizeni kilichopotea. Ile G ambayo Bach aliinyima sikio hadi kipimo cha 24, ili ikifika ikae kama mgeni aliyesubiriwa, sasa imekwisha kusikika kabla ya saa yake.

Wahakiki wa matini wana kanuni ambayo hata wanaoshughulikia tenzi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu huitumia: nakala mbili zikitofautiana, mahali pamoja pagumu na pengine pepesi, mara nyingi pagumu ndipo pa asili, kwa sababu mnakili huelekea kulainisha neno la Kiamu asilolijua na kuweka analolijua, na ni nadra afanye kinyume. Kanuni hiyo haitoshi peke yake, na mhariri makini haifuati kwa upofu. Kwa Bach, bahati nzuri, hatuna haja ya kukisia, maana mkono wake tunao. Tena yeye mwenyewe alikuwa akirekebisha. Katika kitabu cha mazoezi alichoanza kumwandikia mwanawe Wilhelm Friedemann mwaka 1720, preludi hii ipo katika umbo fupi zaidi, kisha akaikuza. Badiliko la mtunzi ni sehemu ya historia ya kazi yake, na mhariri analieleza. La mnakili, mhariri analiondoa katika matini na kulitaja katika maelezo yake.

Sasa la kufanya. Mpiga kinanda wako akipiga preludi ya Bach peke yake, akiache kipimo hicho. Mkiimba Ave Maria, kipimo kibaki, kwa sababu Gounod alitunga melodia yake juu ya preludi yenye vipimo 36, na pale pana nota zake mwenyewe. Kilicho kosa kwa Bach ni halali kwa Gounod. Nimewahi kuona toleo ambalo mpangaji, kwa heshima yake kwa Bach, alikiondoa na kuibana melodia ya Gounod ili itoshe. Akamharibia wa pili kwa kumtengenezea wa kwanza. Kabla ya kusahihisha ni lazima kujiuliza kwanza tunahariri kazi ya nani.

Mwalimu, kwaya yetu ya Kianglikana hapa Kisumu inaandaa Messiah ya Handel. Tuna kopi za zamani walizotuachia wamisionari na kopi mpya alizotuletea mwenzetu aishiye Uingereza. Ule wimbo wa Malaki, “Ni nani atakayestahimili siku ya kuja kwake”, katika kopi za zamani unaimbwa na besi, na katika mpya unaimbwa na alto. Wazee wanasema mpya zimeharibiwa. Tufuate ipi?

Wazee wana haki ya kushtuka, lakini kopi mpya hazijaharibiwa. Handel aliandika Messiah mwaka 1741, kati ya Agosti 22 na Septemba 14, na ikaimbwa kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Tangu hapo hadi kifo chake mwaka 1759 hakuacha kuibadili, kwa sababu kila msimu alikuwa na waimbaji wengine, na alishona nguo kwa kipimo cha mvaaji. Mwaka 1741 wimbo huo aliuandikia besi, bila ile sehemu ya kasi ya “kama moto wa mtu asafishaye fedha”. Mwaka 1750 alimpata Gaetano Guadagni, mwimbaji mwenye sauti ya alto, akauandika upya kwa ajili yake na kuuwasha moto huo mnaousikia leo. Mapokeo ya baadaye ndiyo yaliyouchukua wimbo wa Guadagni, pamoja na moto wake, na kuurudisha kwa besi. Huenda ndio mlio nao katika kopi za zamani. Tazameni kama sehemu ya kasi imo.

Hapa basi mhariri hana matini moja ya kuokoa. Ana matini kadhaa, zote za mkono wa bwana mmoja, na kazi yake ni kuzipanga ili kiongozi wa kwaya ajue ipi iliimbwa pamoja na ipi. Matoleo mazuri huweka umbo moja katika mwili wa kitabu na mengine katika nyongeza, yakiwa na miaka yake. Handel mwenyewe alitusaidia bila kukusudia, maana aliiusia hospitali ya watoto walioachwa mjini London nakala safi ya nota pamoja na sehemu za waimbaji na wapigaji, na kwa sehemu hizo tunajua hata ni ala zipi zilisindikiza kwaya. Jambo hilo lina uzito kwa sababu mikono mingine mikubwa ilipita. Mwaka 1789 Mozart aliongeza filimbi, klarineti na ala nyingine kwa maonyesho ya Vienna, na mwaka 1902 Ebenezer Prout alitoa toleo lililotumiwa na kwaya nyingi kwa miongo. Kazi ya Mozart ni nzuri mno, na kwaya yoyote inaweza kuiimba kwa fahari, mradi tangazo la siku hiyo liandike jina la Mozart pia.

Ushauri wangu: mchague kwa kuangalia waimbaji mlio nao, kama Handel alivyofanya. Mkiwa na alto mwenye pumzi ya kutosha kwa sehemu ya kasi, mpeni. Mkiwa na besi tu, jaribuni ule wimbo wa 1741, ambao ni mtulivu na unasahaulika bila sababu.

Mimi ni mwanafunzi wa piano mjini Kampala. Mwalimu wangu anasisitiza ninunue toleo lililoandikwa “Urtext”, nami ninaweza kupata nota zilezile bure kwenye intaneti. Je, neno hilo lina maana gani, na je, linanihakikishia kwamba ninapiga alichoandika mtunzi?

Ni neno la Kijerumani, maana yake matini ya asili. Lilishika kasi kama upinzani dhidi ya matoleo ya karne ya 19, ambamo wapiga piano maarufu waliongeza pinde za kuunganisha nota, alama za nguvu ya sauti na namba za vidole vyao, vyote kwa wino uleule wa mtunzi, hata msomaji asijue wapi Beethoven anaishia na wapi mhariri anaanzia. Baada ya vita vikuu vya pili, Günter Henle alianzisha mwaka 1948 huko Ujerumani nyumba ya uchapaji iliyojijengea jina kwa kazi hii, na wengine wamefanya vivyo hivyo.

Hata hivyo neno lenyewe linaahidi zaidi ya linavyoweza kutoa. Chukua preludi ya Chopin ya C ndogo, ile fupi ya akordi nzito, ya 20 katika mkusanyo wake wa preludi, ulio na namba ya kazi (opus) 28. Tazama akordi ya mwisho ya kipimo cha tatu. Mapema katika kipimo hicho E imekwisha kufutiwa flati yake, na katika muswada wa Chopin hakuna alama ya kuirudisha, kwa hiyo kwa sheria ya uandishi akordi hiyo inang’aa. Lakini katika kopi ya mwanafunzi wake, Jane Stirling, flati imeongezwa kwa mkono, na akordi inageuka kuwa ya huzuni. Je, Chopin alisahau alama alipoandika, au alibadili nia alipofundisha? Isitoshe, kazi zake nyingi zilichapwa karibu wakati mmoja Ufaransa, Ujerumani na Uingereza, na chapa hizo tatu hazilingani. Mhariri analazimika kuchagua, na akichagua, toleo lake lina mkono wake, hata likiandikwa Urtext kwa herufi za dhahabu.

Kwa hiyo usisome jalada tu. Fungua kurasa za nyuma uone kama pana taarifa ya uhakiki, yaani orodha ya kipimo kwa kipimo inayosema muswada una nini, chapa ya kwanza ina nini, na mhariri ameamua nini. Tazama pia kama nyongeza zake zimewekwa ndani ya mabano, au kwa herufi ndogo, au kwa pinde za nukta. Toleo linaloonyesha mishono yake ndilo la kununua. Nota za bure nazo usizidharau: katika maktaba ya intaneti ya IMSLP utakuta juzuu za jumuiya iliyoundwa Leipzig mwaka 1850 kuchapa kazi zote za Bach, na hizo bado zina thamani, ingawa utafiti wa karne ya 20 juu ya karatasi, wino na hati za wanakili umesahihisha mengi ndani yake. Fedha zikiwa chache, nunua toleo la kihakiki kwa kazi unayoitayarishia mtihani, na nyinginezo zisome kwa nota za bure, ukilinganisha mbili au tatu.

Habari Mwalimu. Sisi tuko Lubumbashi. Tunataka kuimba Missa Luba kwa nota zilizochapwa, lakini mzee mmoja hapa anasema ile misa haikuwa na nota. Nani yuko sahihi?

Wote wawili, na mzee zaidi. Missa Luba ilizaliwa Kamina, hapo hapo Katanga, mwaka 1958, mikononi mwa Padre Guido Haazen na kwaya ya vijana na walimu, na sehemu kubwa ilibuniwa kwa kuimbwa juu ya mitindo ya nyimbo za Kongo. Iliporekodiwa, kile kilichoimbwa siku hiyo kiliganda. Nota zilizochapwa baadaye ni maandishi ya kilichosikika, kama vile mtu anavyoandika hotuba kutoka kwenye kaseti. Kwa hiyo chimbuko lenu la kwanza ni sauti iliyorekodiwa. Isikilizeni nota zikiwa mkononi, mweke alama mahali kiongozi anaponyoosha neno au ngoma zinapotangulia, na msione aibu kiongozi wenu akibuni upya katika roho ile ile, maana wa kwanza alifanya hivyo.

Mwalimu wetu wa kwaya alifariki akiacha nyimbo nyingi alizotunga mwenyewe, zote kwa solfa ya mkono. Daftari lake la asili tunalo, lakini limelowa na kurasa nyingine hazisomeki. Nje ya hilo kuna kopi nne za wanakwaya, na hazifanani. Tunataka kuchapa kitabu. Tuanzie wapi? (Dodoma)

Poleni sana kwa msiba, na asanteni kwa kutoanza na kompyuta. Barua yenu nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo iliyonigusa zaidi. Solfa aliyoieneza Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya Sarah Glover, ilifika kwetu na wamisionari, na kwa solfa hiyo watunzi wetu wameandika muziki ambao hauko katika maktaba yoyote. Upo katika madaftari kama hilo lenu.

Kusanyeni kopi zote kwanza, pamoja na zile zinazodhaniwa mbovu, mzipe herufi: daftari liwe A, kopi ziwe B, C, D na E. Msitupe hata moja hata kama ina makosa, maana makosa ndiyo yanayotuambia ukoo. Kopi mbili zikishiriki kosa ambalo lisingetokea kwa bahati mara mbili, basi zina mama mmoja, au moja ni binti wa nyingine. Kopi tatu zenye kosa moja zinahesabika kuwa shahidi mmoja, kwa hiyo msipige kura kwa wingi wa kopi.

Nitoe mfano niliouona kwa macho yangu. Nilipokuwa nikisaidia kwaya moja kutayarisha wimbo wake wa Pasaka, kopi tatu kati ya nne zilikuwa na tenor hivi:

| s :t .s | m :– |

na kopi moja, iliyokuwa chafu kuliko zote, ilikuwa hivi:

| s :l .s | m :– |

Kila mtu alikuwa tayari kufuata zile tatu. Nilipoitazama kwa lenzi fotokopi kongwe kuliko wenzake, nikaona kwamba mstari mdogo uliokata kichwa cha l na kuifanya t uliendelea upande wa kulia na kushoto, ukipita juu ya s na juu ya ile alama ya pigo, mpaka ukingoni mwa karatasi. Ulikuwa mkunjo. Mtu aliikunja karatasi mfukoni, mashine ikautoa mkunjo kuwa mstari mweusi, na wanakili wawili waliofuata wakaandika t kwa hati nzuri kabisa. Tulimwita mzee aliyekuwa tenor enzi za mtunzi, tukamwomba aimbe bila kumwonyesha chochote, naye akaimba l.

Kwa hiyo waimbaji wa zamani ni mashahidi pia. Warekodini kwa simu, mmoja mmoja, kila mtu peke yake, kwa sababu wakiimba pamoja watasahihishana na ushahidi utachanganyika. Andikeni nani aliimba nini na lini, mkijua kwamba kumbukumbu nayo hulainisha kama Schwencke alivyolainisha. Zingatieni hasa mahali solfa ya mkono inapoteleza: kile kialama kidogo cha juu au chini ya herufi kinachosema sauti ni ya oktavu ipi, nukta inayoligawa pigo, kistari cha kuendeleza sauti, na mahali doh inapohama katikati ya wimbo.

Jambo moja nawasihi. Mtapata mahali ambapo sauti mbili zinatembea pamoja kwa umbali wa tano sambamba, na mtu aliyesoma nadharia atawaambia ni kosa la kusahihisha. Msiguse. Huenda mtunzi wenu alisikia uimbaji wa kwao, ambamo sauti hutembea sambamba kufuata mpando na mshuko wa lugha, akaandika alichosikia. Mkiwa na shaka, acheni kama alivyoandika na mweke neno lenu kwenye maelezo ya mwisho wa kitabu, mkitaja wimbo, kipimo, sauti, na kila kopi inasema nini. Nyongeza zenu zote, hata ikiwa ni f au p ya kuonyesha nguvu ya sauti, zikae ndani ya mabano ya mraba.

Kuhusu daftari lililolowa: likaushwe kivulini, mbali na jua na moto, karatasi nyeupe kavu ikiwekwa kati ya kurasa na kubadilishwa kila siku, na kurasa zilizogandana zisibanduliwe kwa nguvu. Likishakauka, pigeni picha kila ukurasa karibu na dirisha asubuhi, kwanza mwanga ukitoka juu, kisha ukitoka ubavuni, kwa maana kalamu ya mpira huacha mtaro kwenye karatasi, na mwanga wa ubavuni huuonyesha mtaro huo hata wino ukiwa umekwisha kufutika.